Mwalimu, Hiyo Simu Haijafa

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua shikamoo yenyewe hukuitoa, ila kwa furaha ya malimbikizo ya mshahara wako nimekusamehe.

Sauti zako tatu za WhatsApp nimezisikiliza zote, na ile ya dakika nne nimeirudia. Hongera. Umeyasubiri hadi mama akaacha kuyaombea, na sasa yameingia, milioni moja na laki nane, na wewe umeshayagawa kabla ujumbe wa benki haujapoa. Simu mpya. Laptopu. TV ya inchi 55. Printa ya kuchapia mitihani. Saa ile ya mkononi inayohesabu hatua. Na hela ikipelea, simu utaichukua kwa mkopo.

Ulitaka nikujibu kwa sauti. Nakujibu kwa maandishi, tena hapa mbele za watu, kwa sababu tangu nifungue steshenari hii Sinza haipiti wiki bila mtu kuegemea kaunta na kuniuliza swali lako lilelile: "Dada, ninunue ipi?" Jina lako sitalitaja. Wanaokufahamu watakutambua kwa hiyo saa.

Mtu akiniuliza anunue ipi, mimi humuuliza: juzi kilikushinda nini? Wengi hunyamaza. Mwingine husema tu simu yake "imechoka", kama vile simu ni mtu aliyetoka shamba. Simu haichoki yote kwa pamoja. Kinachochoka ni kipande kimoja ndani yake, na kipande kina bei yake.

Nina daftari chini ya kaunta. Kila mashine ninayonunua naiandika humo: tarehe, bei, na chini yake kila siku iliponikwamisha na ilinikwamisha vipi. Nililianza mwaka 2021, baada ya kununua tableti kwa laki nne na themanini eti wateja wajazie fomu wenyewe. Hakuna mteja aliyejaza fomu. Siku hizi ni ya katuni za watoto, na ukurasa wake una mstari mmoja tu, nao si wa sifa. Lakini ukurasa wa kompyuta ya dukani ulijaa pande zote mbili: imechelewa kuwaka, imechelewa kufungua faili, mteja kaondoka. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kompyuta mpya. Niliposoma mistari ile kwa mfululizo nikaona kwamba karibu yote inalalamikia kitu kimoja, hadidiski, ile diski ya zamani yenye sahani inayozunguka ndani. Nikaweka SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka. Zamani nilikuwa nawasha mashine, nafagia duka, namwaga takataka, narudi bado inafikiri. Sasa sijamaliza kufungua dirisha imeshawaka.

Basi tuanze na simu yako. Umesema mwenyewe: saa sita mchana chaji imekwisha, inaganda, na kila ukitaka kupiga picha ya ubao inakwambia nafasi imejaa.

Chaji kwanza. Betri ya simu ni ya lithiamu, na kinachoizeesha ni idadi ya kuchajiwa pamoja na joto. Apple walisema betri za iPhone hadi toleo la 14 zimetengenezwa zibakize asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kamili mara 500. Kuanzia toleo la 15 wakasema mara 1,000. Yako si iPhone, lakini kemia ni ileile. Unaichaji kila siku, sikukuu mara mbili, na ukiwa darasani unaianika dirishani jua likiipiga. Miaka mitatu hiyo. Wewe ndiye mwalimu wa hesabu.

Na kisa cha Apple kinafaa ukijue, maana ndicho huwa nawapa wateja wabishi. Desemba 2017 walikiri kwamba programu yao ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone za zamani zenye betri iliyochoka, ili zisijizime ghafla. Watu walikuwa wanadhani simu zao zimepitwa na wakati. Baada ya kelele, wakashusha bei ya kubadilisha betri kule Marekani kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka 2018. Januari 2019 mkuu wao, Tim Cook, akawaandikia wawekezaji kueleza kwa nini mauzo ya iPhone hayakufikia matarajio, na miongoni mwa sababu alizozitaja ni kwamba wateja walichangamkia betri za bei nafuu. Yaani watu waliweka betri mpya, wakaona simu bado ni nzima, wakabaki nayo.

Betri yako nimeiulizia Kariakoo, mtaa wa Aggrey: elfu ishirini na tano. Winga wa kwanza, dalali wa pale mtaani, aliniambia arobaini, tukaelewana tabia. Fundi wa hapo Morogoro akikudai zaidi ya elfu kumi za kuifunga, nipigie niongee naye.

Kuganda na nafasi kujaa ni ugonjwa mmoja. Simu ikijaa hadi kooni inakosa pa kugeukia. Na najua imejazwa na nini. Uko kwenye makundi ya harusi mangapi ambayo maharusi wameshapata mtoto wa pili? Kila asubuhi video za maua na "siku njema yenye baraka" zinajipakua zenyewe, bando lako zinalila, nafasi yako zinaikalia. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi. Itakupangia mafaili makubwa kuanzia juu. Futa. Kisha zima ile ya kupakua picha na video bila kuulizwa. Ukitoka kundi la harusi na mtu akakununia, mwambie dada ndiye aliyekutoa.

Kuna siku simu hii kweli itabidi iondoke, na siku hiyo haitakuwa ya kamera. Itakuwa siku mtengenezaji ameacha kuipelekea masahihisho ya usalama na programu ya benki inaanza kuikataa. Simu siku hizi ni pochi: mshahara umo, M-Pesa imo, namba za siri zimo. Kwa hiyo ukija kununua, kabla ya kuuliza kamera, uliza itahudumiwa miaka mingapi. Samsung walipotoa Galaxy S24 Januari 2024 waliahidi miaka saba, na mwaka huohuo wakaahidi miaka sita kwa A16, ambayo ni simu ya bei ya kawaida kabisa. Simu nyingi za bei ya chini hupewa mwaka mmoja au miwili. Halafu angalia mtego: miaka hiyo huhesabiwa tangu toleo lilipoingia sokoni, siyo tangu wewe ulipochana nailoni ya boksi. Simu "mpya" iliyolala kabatini miaka miwili imekwishakula miaka yako miwili.

Lile boksi la simu mpya ulilonipigia picha limeandikwa RAM 8, yaani GB 8 za kumbukumbu ambayo simu inafanyia kazi ikiwa imewaka. Likuze. Chini yake kwa herufi za mchwa pameandikwa 4+4. Nne ndizo RAM. Nne nyingine zimekopwa kutoka kwenye hifadhi ya simu, nayo ni ya polepole zaidi. Ni kama kumhesabu mgeni wa sebuleni kuwa ni mpangaji. Megapikseli 200 za kamera, yaani nukta milioni 200 za picha, hivyohivyo. Hata Galaxy S24 Ultra, yenye kamera ya 200, ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani hutoa picha ya megapikseli 12, kwa kuunganisha nukta nyingi kuwa moja ili mwanga utoshe. Kinachoamua picha ni ukubwa wa kipande kinachopokea mwanga na programu inayoichakata, na hayo hayabandikwi kwa stika ya dhahabu.

5G, ule mtandao wa kasi zaidi? Bando halikui kwa sababu barabara imepanuka. Video itajipandisha ubora yenyewe na GB zako za wiki zitaisha Jumanne.

Na ule mkopo. Nimepiga hesabu ya karatasi uliyonitumia, nikashangaa wewe hukuipiga. Kianzio 70,000. Kisha 1,600 kila siku kwa siku 365, hiyo ni 584,000. Jumla 654,000. Simu hiyohiyo, boksi hilohilo, taslimu nimeikuta kwa 390,000. Tofauti ni 264,000, na katika mwaka huo wote simu si yako: siku usipolipa inajifunga, na laini ya M-Pesa imo humo ndani. Kijana anayekuuzia anaitamka "elfu moja na mia sita tu" kwa upole hadi unahisi anakununulia yeye.

Kuhusu iPhone ya mtumba uliyoigusia mwishoni kwa sauti ya chini: muulize mtoto wa mjomba. Alinunua ya toleo la 14 kutoka Marekani, safi, bei ya kutupa, akakaa nayo kwenye daladala akiigeuza pande zote nne anatafuta tundu la laini. Halipo. Zile zinazouzwa Marekani, kuanzia toleo la 14 la mwaka 2022, hazina tundu la laini kabisa, zinatumia eSIM tu, laini iliyojengewa ndani ya simu. Yeye alikuwa na laini tatu mfukoni. Na yoyote utakayoinunua, ya mtumba au mpya, bonyeza *#06# hapohapo dukani, upate ile namba ya IMEI, kitambulisho cha simu yenyewe, uitume kwenda 15090 uone kama jina linalorudi ndilo la simu uliyoshika. Unakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki, jinsi shangazi alivyoamka na kioo kisicho na mtandao.

Sasa laptopu. Hapa kijana wa dukani, aliyekwambia yako imepitwa na wakati, hajakudanganya kila kitu. Ni kweli Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ni kweli pia kwamba EliteBook 840 G3 yako haipokei Windows 11 kwa njia rasmi, kwa sababu kichakataji chake, yaani prosesa, ni cha kizazi cha 6 na Windows 11 inataka, kwa Intel, kuanzia kizazi cha 8. Alichokuficha ni kwamba mashine haizimiki, na kwamba Microsoft waliacha mlango wa mwaka mmoja wa nyongeza, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, usio na malipo ukiingia kwa akaunti yao na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Utaukuta kwenye ukurasa wa masahihisho ya Windows. Jiandikishe leo.

Na unaposema "inachelewa mno", ni ule ugonjwa wa kompyuta ya dukani kwangu. Bado ina hadidiski. SSD ya GB 256 inakutosha. Mitihani yako yote tangu uanze kazi haijai hata robo yake. Kabla fundi hajaigusa, toa nakala ya kila kitu. Wala usiiweke nakala hiyo kwenye ile flashi ya "2TB" uliyoinunua barabarani kwa elfu kumi na tano. Mwaka jana kijana wa chuo alikuja kwangu kuchapa utafiti wake, flashi ya namna hiyo, majina ya mafaili yote yanaonekana, lakini hakuna faili hata moja linalofunguka. Ndani kuna kumbukumbu ya GB chache tu, na kile kidude kinachoiongoza kimefundishwa kudanganya kompyuta kwamba ni kubwa. Unaandika, inapokea, ikijaa inaandika juu ya ulichoandika mwanzo, na majina yanabaki kama makaburi yenye vibao. Nilimpa soda nikakosa la kumwambia.

Mwaka wa nyongeza ukiisha ndipo utafute mashine nyingine, na usibabaishwe na jina la prosesa, "hii ni i7". Soma namba inayofuata baada ya kistari. i7-6600U ni kizazi cha 6 na ina viini viwili, yaani vipande viwili vya kufanya kazi kwa wakati mmoja. i5-8250U ni kizazi cha 8 na ina vinne. Ile i5 itaipita hiyo i7 na bei yake haitakuwa mbali. Kwa ukoo wa mashine yako, anzia G5, na hata hapo washa usome mwenyewe kilichomo ndani.

Printa ni kazi yangu, kwa hiyo hapa nivumilie.

Ile uliyoiona kwa bei ya mchele wa sherehe ni ya katriji. Mashine wanakupa karibu bure ili wakuuzie wino maisha yako yote. Chukua katriji nyeusi ya HP 123: imeandikiwa kurasa 120 hivi. Darasa lako lina wanafunzi 90, mtihani kurasa 4, hizo ni kurasa 360. Katriji tatu kwa mtihani mmoja! Utafilisika kabla ya likizo. Zile za matangi, kama Epson za L, zina hesabu nyingine kabisa. Chupa ya wino mweusi namba 003 imeandikiwa kurasa 4,500, na ndiyo inayonilisha mimi. Lakini mimi nachapa kutwa. Wewe utachapa wiki ya mitihani, kisha utaifunika kitambaa miezi miwili. Wino wa maji hukauka kwenye vitundu vya kichwa, na siku utakayoihitaji itakutolea karatasi yenye mistari kama pundamilia. Kuisafisha kunakula wino, na kichwa kikifa bei yake inakaribia mashine. Anayechapa mara chache inamfaa leza ya rangi moja: tona ni unga, haukauki, hata ukiiacha hadi Pasaka.

Hata hivyo usinunue. Chapa nakala moja, nyingine 89 zikatolewe fotokopi; kwa wingi huo steshenari yoyote itakufanyia shilingi 50 kwa ukurasa, elfu kumi na saba na mia nane jumla. Najua nina maslahi. Lakini nina swali pia: ni tangu lini mtihani wa shule ukawa mzigo wa mfuko wa mwalimu? Nunua printa, na kufikia muhula ujao walimu wote kumi na wawili watakuwa wanakuja kwako na flashi zao, "nichapie kurasa mbili tu".

TV nitapita haraka. Sebule yako naijua, nililala humo. Kutoka kochi hadi ukutani hazifiki hatua tatu, na chaneli za king'amuzi chako hazirushwi kwa 4K, ile picha kali zaidi. Ile inchi 32 uliyosema imekuwa giza upande mmoja huku sauti ipo, zimekufa taa za nyuma ya kioo. Mafundi wanazibadilisha kila siku. Zikishawekwa, shusha mwangaza, maana umeuacha juu kabisa kama ilivyokuwa dukani, na hicho ndicho kilichoziua.

Saa: hatua zako ni kutoka kitandani hadi shuleni. Mia nne na ishirini. Nimekuhesabia.

Sasa kitu ambacho hukukitaja. Katika sauti zote tatu nimemsikia wifi mara moja tu (wifi wa nyumbani, yule wa intaneti simzungumzii), yuko nyuma huko jikoni, anasema, "Na samaki je?" Ukaendelea na megapikseli. Nilimpigia mwenyewe. Mwezi huu ametupa samaki mara tatu, mboga anachemsha usiku ili ilale salama, na zile barafu za ukwaju alizokuwa anawauzia watoto wa mtaa aliziacha friji ya jirani ilipohama na jirani. Huo ndio ukurasa wa daftari uliojaa nyumbani kwako, ila anayeuandika si wewe.

Nunua friji. Ndogo, ya lita 100 na kitu. Ina karatasi mlangoni au nyuma inayoonyesha uniti inazokula kwa mwaka. Igawe kwa 12. Ikisema 240, hizo ni uniti 20 kwa mwezi. Mko kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, elfu kumi ya LUKU inawapa uniti 80 na ushee wakati mimi napata 28, na hamtaki kuipoteza kwa kuvuka uniti 75 kwa mwezi. Wifi ananiambia mnatumia kama 45. Mkiongeza 20 bado mko ndani. Pasi ya umeme ndiyo muiangalie. Na msiichomeke friji moja kwa moja ukutani. Nunua kile kifaa cha kuilinda, kinachokata umeme ukishuka au ukipanda, na ukirudi kinasubiri dakika kadhaa kabla ya kuiachia, ili kompresa isiwashwe ikiwa bado ina presha.

Hela itakayobaki usinipigie kuniuliza. Kiwanja cha Kihonda hakina hata msingi.

Mzigo nimeshaukabidhi kwa kondakta wa basi la saa nne asubuhi, utaupokea Msamvu. Namba yake nimekutumia. Ndani kuna betri, kuna SSD, na kitenge. Kitenge si chako.

Dada yako,
Sinza